Mablanketi ya Leocadia

Basi lilizama topeni saa kumi alasiri,
kilomita nne kabla ya daraja.
Don Fortunato akazima injini,
akasema neno moja tu: kesho.

Tukaufuata moshi kwa miguu.
Huko juu, mita elfu nne, pumzi ni ya kukopa
na mkopeshaji ni bahili.

Kwa Leocadia Choque ni vyumba viwili vya tofali la udongo,
jiko peke yake ng'ambo ya ua,
bati limelaliwa na mawe lisije likaruka,
na mlango mfupi:
utaingia kwa kuinama, utake usitake.

Alitupa supu ya viazi vyeusi,
vile vinavyolazwa nje vikagandishwa na usiku,
vikakanyagwa kwa nyayo, vikaanikwa,
hata vikawa vyepesi kama kizibo.
Vinadumu miaka kumi, alisema.
Nilitafuna. Niliamini.

Moto ulikuwa wa mavi makavu ya lama,
yule mnyama mwenye shingo ya kiburi.
Joost, mhandisi wa Utrecht, aliuelekezea soksi zake,
akafuta ukungu kwenye miwani, akasema:
"Hawana kitu, lakini waoneni walivyo na furaha.
Maskini ni sisi."

Wenzetu wakatikisa vichwa.
Nami nikatikisa changu, aibu yangu,
mimi niliyesomea kibatari,
ninayeyajua masizi yake puani asubuhi,
ninayejua kwamba pale kwetu
hakuna aliyewahi kukiita utulivu.

Mjukuu, Wilmer, aliyesoma El Alto miaka miwili
mpaka karo ilipokatika,
akamfasiria bibi kwa Kiaymara.
Bibi akakoroga sufuria kwanza.
Kisha akajibu, na kijana akacheka
kabla hajatufikishia:

"Anasema anatabasamu kwa kuwa nyinyi ni wageni.
Mkiondoka atanuna kama watu wengine.
Tena anauliza, hiyo furaha mmeiona upande gani,
aende akaichukue?
Maana bomba liko nyuma ya kilima
na goti lake la kushoto limegoma."

Joost alicheka kuliko sote.
Akaandika kitu daftarini.

Tulikuwa sita. Tulipewa mablanketi manane
ya sufu, mazito
kama mtu aliyekulalia akakataa kuondoka.
Saa tisa za usiku nikatoka kujisaidia.
Nyota zilikuwa nyingi kupita adabu.
Mlango wa jiko haukufungwa vizuri,
na ndani, kando ya majivu,
bibi ameketi, shali mabegani, macho wazi.
Wilmer amejikunja katika magunia ya nafaka,
mbwa juu ya miguu yake.

Nikahesabu tena.
Yote manane tulikuwa nayo sisi.

Ningependa kusema nilirudi kulichukua langu
nikaenda kumfunika.
Nilirudi.
Lilikuwa bado na joto langu.
Nikalivuta mpaka masikioni.

Asubuhi akataja bei:
malazi, supu, moto, mara sita.
Joost akaninong'oneza, kidogo ameumia,
kwamba alidhani ulikuwa ukarimu.
Ukarimu ulikuwa wa mablanketi, nikamwambia.
Hii ni hesabu ya supu.
Hakuelewa, nami sikumweleza,
kwa kuwa ningelazimika kuanza na mlango wa jiko
na kumalizia na masikio yangu.

Nilimpa bibi noti iliyozidi.
Akaigeuza, akaipima kwa mwanga,
akanirudishia chenji yote kiganjani,
sarafu moja moja, hata ile ndogo iliyochakaa,
kisha akakifumba kiganja changu kwa mkono wake.
Ulikuwa mkavu, na baridi kuliko nilivyotegemea.

Akaniuliza jambo.
Wilmer alisita kulifasiri, akatazama buti zake.
"Anataka kujua, kwenu,
wageni wakija,
bibi yako alikuwa akilala wapi?"

Tope lilikuwa limeganda, gumu kama saruji.
Don Fortunato akapiga honi,
akapiga tena.